Jengo Lililoinamia Mto

Kila asubuhi, basi la kutoka Ruiru likikaribia Mto Chania, Nekoye huwatangazia abiria kwamba lile jengo jipya la maofisi limeanza kuinamia maji. Leo mwanamume aliyeketi kando yake alimgeukia.

"Mimi ni Erastus, fundi wa kuta hizo. Kwa sababu ya maneno yako, dada, vibarua wangu wamekataa kupanda orofa ya nne. Niombe radhi."

Waliokuwa wakisinzia waliacha.

"Radhi ya nini, fundi? Huoni limelala kama mlevi?"

"Kilicholala ni basi hili. Kila siku magunia yote ya mahindi hurundikwa juu ya paa upande wa nyuma, basi likainua pua."

Nekoye alicheka. Fundi gani huyu anayetetea kuta kwa magunia? "Utasema mto nao umepindwa na mahindi."

Basi likasimama kituoni, mkabala na jengo. Makuli wakateremsha magunia, na nyuma ya basi ikainuka polepole. Nekoye akachungulia dirishani. Jengo lilikuwa wima kama askari wa gwaride.

Erastus alingoja, mikono kifuani.

"Siombi radhi," alisema Nekoye akichukua kikapu chake. "Aliyenidanganya ni basi. Zungumzeni nyinyi wawili."