Severa Hakushuka Darajani

Ndugu Severa Vitalis anastaafu leo, Juni 30, 1985, baada ya miaka ishirini na mitano ya kulinda njia ya baiskeli ya kando ya Mto Msimbazi na daraja lake la Jangwani. Ni binti yangu wa kwanza. Mimi ndiye ninayewauzia chai wafanyakazi wa kituo hiki cha kutunza njia, wakaniambia mama, andika wewe, unamjua. Namjua ndiyo. Nimemzaa, nisipojisifu leo nitajisifu lini?

Alianza akiwa na miaka ishirini. Wanaume wa kituo wakamcheka: "Dada, utashika spana au utashika mimba?" Akashika vyote. Kazaa wanne, na nati za lile daraja hazijawahi kulegea mikononi mwake.

Kwa asiyelijua, ni sakafu ya mbao iliyoshikwa na nyaya nene za chuma zinazoshuka mshazari kutoka juu ya nguzo mbili. Gari halipiti. Zinapita baiskeli: za mikate, za mkaa, za samaki, za wafanyakazi wa zamu, zote zikielekea Kariakoo. Sheria ya Severa moja tu, ukifika shuka, sukuma. Hata padri wetu alishushwa. "Baba, baraka utatupa ng'ambo. Hapa shuka." Mimi niliona aibu. Yeye wapi!

Mwaka ule wa mafuriko makubwa mto ulizoa nusu ya mbao na kuifunika njia kwa tope. Nyaya zilibaki nzima. Akaja mkubwa mmoja wa ofisi kavaa suti ya chunlai iliyonyooka, na mafundi wenye misumeno ya chuma. Amri yake: nyaya zikatwe, watu wazunguke kwa barabara kuu. Wazunguke! Mtu ana magunia mawili ya mkaa nyuma! Severa akachukua kigoda changu cha chai, akakanyaga mbao zilizobaki, akaenda kukaa katikati ya daraja.

"Kata, ndugu," akamwambia. "Ila anza na huu niliouegemea."

Mkubwa akanigeukia mimi: "Mama, mtoe mwanao!"

"Baba, huyo hata ziwa aliacha mwenyewe, siku aliyotaka yeye."

Mafundi wakaangua kicheko, wakaweka misumeno chini, nikawamiminia chai. Huku nyuma wenye baiskeli wakajaa kingo zote mbili. Mzee Hamud, mwenye duka pale Kariakoo, akaleta mbao za makasha yake, wengine wakaleta majembe. Ukawa msaragambo, kila mtu akijitolea kazi, wiki nzima. Mkubwa akaondoka na misumeno yake, baiskeli zikapita.

Sasa ofisi imetangaza kwamba nafasi ya Severa haitajazwa. Wanatumaini bila mlinzi daraja litajifia lenyewe. Wangoje. Severa keshawafundisha wapita njia kukaza nati na kubadili mbao. Kesho Jumatatu anasimama Selina muuza mikate, Jumanne Ubeid, mtoto wa Mzee Hamud, na zamu zimejaa mpaka mwisho wa mwaka. Anayedhani daraja limebaki bila mwenyewe, aje aone.

Severa mwanangu, wafanyakazi wenzako na wote unaowavusha wanasema asante. Nenda kapumzike, ule ushibe, ulale mpaka jua likuchoke, uone wajukuu. Mzigo wako tumeupokea, na hatuutui.