Lori Lililorudishwa

Basi la kutoka Kondoa lilikuwa linaipita Chemba wakati Masudi, muuza karanga, aliposikia habari iliyomkaa kooni. Generosa, mama aliyeketi pembeni yake, ana kikundi cha kuwapelekea unga wagonjwa na waliojifungua huko Chamwino. Juzi alikuwa amerudisha lori zima la mahindi ya msaada.

"Lori, mama? Watu wanalilia debe."

"Kwetu kila nyumba, kabla ya kusonga ugali, inatoa konzi moja ya unga kwa ajili ya jirani," Generosa alisema bila wasiwasi. "Lori likija, konzi zitakoma. Mahindi yakiisha, nani atazianza tena?"

Masudi, ambaye hajawahi kushindwa ubishi ndani ya basi, alisema hayo ni majivuno tu. Wakabishana mpaka stendi ya Dodoma. Basi liliposimama, akafungua gunia lake la karanga ili amjazie mama kitenge kizima, akipokea tu, ubishi uishe kwa ushindi wake. Generosa akakinga kiganja kimoja.

"Konzi tu, baba. Ukinijazia leo, kesho utajiona umemaliza kutoa."