Adelina Aliyetoka Utumwani na Kurudi Kuwatoa Wenzake

Marehemu Adelina Valerian Rutashobya alizaliwa tarehe 4 Mei 1979 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Valerian Rutashobya na Mama Paskazia. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1987 hadi 1993. Alifaulu kwenda sekondari, lakini baba yake alikuwa ameshafariki na mama alihitaji msaada, hivyo akabaki nyumbani na kujifunza cherehani. Sare za kwaya ya parokia alizishona yeye.

Mwezi Agosti 2001 familia moja iliyokuwa ikiishi Toronto ilimchukua kwa ahadi kwamba angelea watoto mchana na kusoma jioni. Siku alipofika, pasipoti yake ilichukuliwa na viatu vyake vikafungiwa kabatini. Kwa miaka minne na nusu, katika fleti moja ya mtaa wa Crescent Town, Adelina alitumikishwa bila mshahara, akalala sakafuni jikoni, na hakuruhusiwa kuketi hata wakati wa kula. Alikula amesimama, baada ya wote kushiba.

Mama Paskazia alifariki mwezi Machi 2003. Barua ilifika, ikafichwa. Adelina aliikuta mwaka uliofuata akifuta vumbi kwenye droo. Mama mwenye nyumba alipomsikia analia, alimwambia, "Kulia hakumfufui mtu. Yako wapi mashati ya mume wangu?" Adelina akapiga pasi mashati yale.

Wiki hiyohiyo alitoroka kwa kandambili na kukimbilia kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa mjini. Mzee yule alimkaribisha, akampa chai, akaingia chumbani na kuwapigia simu waliomtesa. Walipomrudisha, alichomwa bega la kushoto kwa pasi. Adelina alikataza jina la mzee huyo lisitajwe, nasi tunamheshimu marehemu. Mwenyewe anajijua.

Aliyemwona ni Bi Médiatrice, mzaliwa wa Bujumbura, mtunza wagonjwa aliyeishi jengo lilelile. Walikutana chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, mahali pekee Adelina aliporuhusiwa kwenda. Ilikuwa Januari 2006, na Adelina alikuwa amesimama miguu mitupu juu ya saruji. Siku ya kwanza Bi Médiatrice hakuuliza kitu. Wiki ya pili, akikunja shuka, alisema bila kumtazama, "Dada, unataka kutoka?"

"Nitakwenda wapi? Nilishatoka mara moja, mtu niliyemkimbilia akanirudisha."

"Mara ile ulikwenda kwa mtu. Safari hii utakwenda kwa watu."

Jumamosi tarehe 18 Februari 2006, saa sita mchana, Bi Médiatrice alishuka na kapu la nguo. Chini ya nguo kulikuwa na koti na mabuti. Bwana Khalfan, dereva wa teksi, alikuwa akingoja mlango wa nyuma. "Usikimbie, dada yangu," alimwambia. "Tembea kama mtu anayekwenda kazini." Alipelekwa North York, kaskazini mwa mji, kwa mama mmoja ambaye Adelina hakuwahi kuambiwa jina lake. Ndivyo walivyofanya kazi watu hao waliowatorosha mabinti: mmoja aliona, mwingine aliendesha gari, mwingine alihifadhi, na hakuna aliyejua zaidi ya alichohitaji kujua.

Baada ya kupata karatasi zake za kuishi nchini, Adelina alisomea utunzaji wa wazee na kufanya kazi hiyo North York hadi alipougua. Lakini tangu mwaka 2007 alirudi kwenye vyumba vya kufulia, viwanja vya watoto na misururu ya madukani, akitafuta mabinti wenye macho aliyoyajua. Walitoka kwa mkono wake kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa Nuria, binti wa Tanga aliyefungiwa katika nyumba moja huko Agincourt. Alhamisi tarehe 13 Oktoba 2011 alipiga simu kwa kunong'ona: "Dada, nije leo? Mlango uko wazi." Gari halikuwa limepatikana. Adelina akamjibu, "Subiri Jumamosi, mdogo wangu." Ijumaa Nuria aliondolewa, na hadi leo haijulikani alipelekwa wapi. Adelina alimtafuta miaka sita. Mume wake akimsihi ajisamehe, alijibu, "Mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Alifunga ndoa na Bwana Pascal, mzaliwa wa Bukavu na mfanyakazi wa kiwanda, tarehe 1 Agosti 2009. Chakula kilipoletwa ukumbini, bibi harusi alisimama na sahani yake bila kujitambua. Watu wakaanza kunong'onezana. Bwana Pascal akainuka na sahani yake akasema, "Leo tunakula tukisimama," na ukumbi mzima ukainuka. Mwaka uliofuata Mungu aliwajalia binti, Mélissa.

Mwaka 2015 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa miaka miwili. Siku za mwisho homa ilimchanganya. Wauguzi walipomlaza alijaribu kuinuka, akiomba radhi kwa kulala mchana. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, Bwana Pascal akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Ameacha mume, binti wa miaka saba, na kaka wawili Kanyigo ambao hawakumwona tena tangu alipoondoka. Ameacha pia wanawake kumi na mmoja aliowatoa. Baadhi yao wako hapa makaburini pamoja nasi, na waliowafungia bado wanaishi katika mji huu. Familia inawaomba sana: msipige picha.

Mola ampokee Adelina, na ampe pumziko ambalo hatalazimika kuliombea radhi.