Bi Kitufe Anatuachia Fremu Nyeusi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika hospitali hii, mtaalamu wetu wa programu anastaafu. Barua za ofisi zina jina lake kamili. Huku chini, kuanzia mapokezi hadi famasi, anaitwa Bi Kitufe, naye ameturuhusu tulitumie jina hilo hapa. Aliombwa apitie rasimu ya wasifu huu. Aliirudisha akiwa amefuta sifa mbili na kurekebisha maelezo ya mashine moja.

Alianza kama karani wa simu, katika kile chumba chembamba kando ya ngazi ambacho sasa kinawekwa mafagio na ndoo. Waliomkuta wanasema aliunganisha simu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifunua kitabu cha hesabu. Alisoma masomo ya jioni, akafaulu, akahamishiwa kitengo cha kompyuta kwa majaribio. Mumewe ni fundi cherehani. Wana watoto watatu ambao, kwa maelezo ya mama yao, wamekataa katakata kompyuta na cherehani vilevile.

Kazi iliyompa jina ilianzia kwenye dawati la miadi. Programu ya kupangia wagonjwa siku za kliniki ilikuwa imenunuliwa kwa kampuni ambayo baadaye ilifunga milango, na hakukuwa na mtu mwenye uwezo wa kuigusa kwa ndani. Madirisha yake yalikuwa ya kijivu, vitufe vya kijivu, na maandishi ya kijivu kilichokolea kidogo. Makarani walitoka zamu wakifikicha macho. Mmoja wao alizoea kusema kwamba analipwa kutazama ukungu.

Bi Kitufe aligundua kwamba haikuwa lazima kuigusa kwa ndani. Programu ile ilijengwa juu ya kifurushi cha vipande vilivyo tayari: dirisha, kitufe, orodha, kisanduku cha kujaza. Kila kinapotaka kuchora kipande, kifurushi huuliza kwanza mtindo uliopo: kitufe hiki kiwe na rangi gani, ukingo wake uweje, kikibonyezwa kibadilike vipi. Tena kifurushi kilikubali mitindo kutoka nje. Kilichohitajika ni programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa kwenye ile kubwa, ya kujibu maswali hayo kwa namna nyingine. Wakubwa aliwaeleza kwa lugha ya nyumbani kwake: mwili unabaki uleule, yeye anashona gauni tu.

Gauni lilichelewa kuvalika. Kwa wiki nzima alichomeka faili lake, akawasha programu, na ukungu ukabaki palepale. Hakukutokea hata ujumbe wa kosa. Mumewe, aliyesikia habari hizo kila mlo, alimuuliza kama ana hakika mzigo umepelekwa nyumba inayohusika. Kesho yake aliona kwamba faili alikuwa ameliweka kwenye folda kubwa, wakati kifurushi kilitafuta mitindo ndani ya folda ndogo iliyotengwa kwa ajili hiyo, na kwingine hakikutazama kabisa. Mumewe bado anadai sifa za ugunduzi huo. Tumeona ni haki kuzitaja.

Mwonekano mpya ulizinduliwa ukumbini mbele ya mganga mkuu. Vitufe vilikuwa vya mviringo kidogo, bluu ya bahari, maandishi meupe na makubwa. Watu walipiga makofi. Kilichofuata kinajulikana na wengi, lakini kimesimuliwa kwa namna nyingi, kwa hiyo tunakiandika kama wahusika wenyewe walivyokithibitisha.

Wakati huo dirisha la tatu la miadi lilikuwa la Mzee Chapa. Alikuwa mpiga chapa wa hospitali tangu enzi za taipureta, na hakuna karani aliyemshinda kwa mwendo wa vidole. Siku chache baada ya uzinduzi, wagonjwa wake walianza kufika kliniki na kukuta hawamo kwenye orodha. Mama mmoja alifika na mwanawe aliyezuiwa kula tangu usiku kwa ajili ya upasuaji, akaambiwa mtoto hana miadi. Alishuka hadi dirisha la tatu na kusema mbele ya foleni yote:

"Baba, nilikaa hapa hapa, ukaniambia tayari, mama, nenda salama. Tayari gani hii?"

Vijana wa madirisha ya jirani ndio waliojibu.

"Mzee, rudi kwenye taipureta yako!"

"Taipureta ilinionyesha herufi niliyoipiga," aliwajibu. "Hiki kioo chenu kinanificha."

Mkuu wa kumbukumbu aliandika pendekezo kwamba Mzee Chapa ahamishiwe ghala la mashuka hadi atakapostaafu. Kikao kikapangwa. Kwa mtu aliyekaa mbele ya wagonjwa maisha yake yote ya kazi, ghala lilikuwa ni kufichwa, na kila mtu alilijua hilo, yeye kwanza.

Bi Kitufe alishuka kwenda kuangalia kama mashine yake ina kasoro. Alisimama nyuma ya kiti. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa juu kwenye kitengo: kipanya kilikuwa kimesukumwa nyuma ya kioo, kimejaa vumbi. Mzee Chapa alifanya kila kitu kwa kibodi. Kidole kimoja kilimrusha kutoka kisanduku hadi kisanduku, kingine kikakubali. Mwisho wa kila mgonjwa palitokea vitufe viwili sambamba, Ghairi na Thibitisha, na hapo vidole vyake vilisita.

"Kwa nini hutumii kipanya, mzee wangu?"

"Binti, mkono wangu ukitoka kwenye kibodi unapotea njia. Zamani palikuwa na kifremu cheusi, chembamba, kinatembea nami. Nikiruka, kinaruka. Kikizunguka Thibitisha, nagonga. Sasa kimekwenda wapi? Sioni nilipo."

Kifremu hicho kilikuwa alama ya kumwonyesha mtumiaji wa kibodi yuko kwenye kipande gani. Miongoni mwa maswali ambayo kifurushi huuliza mtindo, lipo hili: alama hiyo ichorwe vipi? Bi Kitufe aliiona inaharibu umbo la vitufe vyake, na kwenye swali hilo alikuwa ameandika jibu la kutofanya lolote. Waliotumia kipanya hawakuona tofauti. Mzee Chapa peke yake ndiye aliyekuwa akiitegemea, na kwa siku zote hizo alibahatisha kati ya Ghairi na Thibitisha.

Inafaa ikumbukwe kwamba Bi Kitufe mwenyewe alikuwa bado katika majaribio, na mganga mkuu alikuwa amemsifu hadharani kwa vitufe hivyohivyo. Angeweza kurudisha fremu kimyakimya na kuacha kikao kiendelee. Aliingia kwenye kikao bila kualikwa.

"Makosa si ya mkono wake," alisema. "Ni ya mchoro wangu. Nilimzimia taa, kisha tukamlaumu kwa kujikwaa."

Mkuu wa kumbukumbu alimuuliza kama anaelewa kwamba bado hajathibitishwa kazini. Alijibu kwamba anaelewa, akaomba kibodi iletwe, kipanya kiondolewe, na kila mjumbe ajaribu kumpangia mgonjwa mmoja. Wajumbe wawili walijaribu. Wote wawili walimghairi mgonjwa.

Mzee Chapa alibaki dirisha la tatu. Mama yule alitafutwa na mtoto akapangiwa siku nyingine. Upasuaji ulifanyika salama. Uthibitisho wa Bi Kitufe kazini uliahirishwa kwa mwaka mmoja, na mumewe anasema mwaka ule, mkewe akichelewa kurudi, ndipo yeye alipojifunza kupika. Fremu ilirudi, nyeusi na nene kuliko ya awali. Siku iliporudi, Mzee Chapa alimwita kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Bi Kitufe! Kifremu kimeamka!" na jina likamganda tangu hapo.

Kutokana na tukio hilo tulipata desturi ambayo wageni huiona kama kichekesho. Hakuna toleo la mwonekano linalotoka kabla ya kipanya kufungiwa kwenye droo ya meza ya chai. Anayeshindwa kumpangia mgonjwa mwanzo hadi mwisho kwa kibodi tu, analirudisha toleo kwa fundi. Mwonekano wa Bi Kitufe umeenea maabara, famasi na wodi ya wazazi. Uongozi ulipotaka rangi za nembo mpya, aliziweka zote. Walipotaka fremu ifanane na rangi hizo, alisema hapana kwa adabu, mara kadhaa, hadi wakaacha kuuliza.

Mwaka huu kifurushi chenyewe kilibadilishwa, na programu-jalizi yake haikukubalika tena kwenye toleo jipya. Vijana wawili wa kitengo waliiandika upya. Bi Kitufe aliwaachia kazi yote, lakini alisema hatatia saini makabidhiano mpaka ijaribiwe na mtu atakayemchagua yeye mwenyewe. Alimpigia simu Mzee Chapa, ambaye amestaafu zamani na sasa anafuga nyuki.

Alikuja akiwa na miwani mizito na chupa mbili za asali. Kipanya kilifungiwa. Aliketi dirisha la tatu, na karani wa sasa akampisha. Mgonjwa aliyempangia ni yeye mwenyewe, kliniki ya macho, Jumanne ijayo. Vidole vimepungua mwendo ila havijasahau. Vilipofika kwenye vitufe viwili vya mwisho vilisimama, na vijana wa kitengo walisimama navyo. Fremu ilikuwa kwenye Ghairi. Aliruka mara moja, ikahamia Thibitisha.

"Naona nilipo," alisema, akagonga.

Bi Kitufe alitia saini papo hapo, akiegemea mgongo wa kiti kile.

Bi Kitufe, wenzako wa dawati la miadi tunakushukuru kwa kazi uliyotufanyia na kwa kikao ulichoingia bila kualikwa. Uende ukapumzike na mzee wako wa cherehani, afya iwe nawe, na wajukuu wakija wapendezwe na kimojawapo, kompyuta au cherehani. Fremu tutaitunza. Miadi ya Mzee Chapa tumeihakiki leo asubuhi: imo.