Mama Émilienne na Usingizi wa Mafundi wa Lubondja

Wasikilizaji wapendwa, kama umeshakula bugali yako na umejinyoosha kwenye mkeka, usiinuke. Kipindi cha leo kinafaa kusikilizwa macho yakiwa yamefumbwa. Tunamkumbuka Mama Émilienne, mtafiti wa kazi za ujenzi, aliyetutoka Jumanne hapa Baraka. Mtafiti, nasema. Alitafiti usingizi.

Turudi nyuma, kati ya vita ya kwanza ya Kongo na ya pili. Watu walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, walikokimbilia. Kijiji cha Lubondja kilikuwa kinajengewa maternite, nyumba ya kuzalia, nayo ilipaswa kuezekwa kabla ya mvua za Septemba. Mdogo wake Émilienne, Pulchérie, alikuwa na mimba, na mvua zingemkuta siku zake zimefika. Mimba ya kwanza iliharibika njiani, akibebwa kuletwa Baraka. Kwa hiyo Émilienne alilitaka lile paa kuliko alivyoitaka diploma yake.

Lakini ukuta haukupanda. Unajengwa leo, jioni unakutwa umepinda, kesho unabomolewa. Chuo chake kule Bukavu kilimtuma aeleze kwa nini. Wakubwa wa kazi walimwambia saruji ni mbaya. Yeye akakaa, akatazama. Asubuhi mafundi wanajenga vizuri. Makosa yote ni ya mchana. Na mchana, baada ya kula, hakuna anayelala.

Wasikilizaji wapendwa, fundi asiyejilaza mchana mmemwona wapi? Hawa walikaa makundi mawili, migongo ukutani, wakichungana. Waliokimbilia ng'ambo ya ziwa, Tanzania, upande huu, waliobaki porini upande ule. Mzee Alphonse, fundi wa upande wa waliobaki porini, anakumbuka:

"Bale ba Tanzania balisemaka siye ndio tuliiba milango ya manyumba yao. Siye tukasema bao balitukimbia. Sasa utafunga macho mbele ya muntu wa vile? Kikulacho kiko nguoni mwako."

Siku moja, baada ya chakula, Émilienne alitandika mifuko mitupu ya saruji katikati ya makundi yale mawili. Akavua viatu, akalala. Hakujifanya. Alikoroma, wasikilizaji, mbele ya wanaume wote wale, nami nacheka kila nikisimulia.

Kila upande ukabaki kumlinda dhidi ya upande mwingine. Kesho yake akalala tena. Na tena.

"Kuchunga mama ya batu iko analala, nayo inaletaka usingizi," anasema Mzee Alphonse. "Nikaona Norbert wa ng'ambo anasinzia. Nikasema, kama yeye analala, mi naogopa nini?"

Basi wakalala. Kazi nzima ililala, vumbi la matofali likielea juani, mbuzi akiruka miguu ya watu polepole. Wakiamka, ukuta wa jioni unasimama wima kama wa asubuhi. Paa likapanda Julai. Agosti vita ikarudi. Septemba, mvua ikipiga mabati, Pulchérie alimzaa Vanessa chini ya lile paa.

Chuoni walimwuliza: tulikutuma usome kazi, mbona umetuletea usingizi? Émilienne akajibu: "Muntu anajenga muzuri na ule anaweza kulala pembeni yake." Mimi naona hakuna aliyesoma watu wa eneo letu hili la Fizi vizuri kuliko yeye.

Juzi, mafundi wale, wote wazee sasa, walimjengea kaburi kwa mikono yao. Saa sita wakanawa, wakala. Kisha wakajilaza pale pale kando ya kaburi, wa ng'ambo na wa porini, wamechanganyika. Padri alikuwa anangoja. Vanessa akaenda kuwaamsha. Mama yake akamshika mkono.

"Mubaache balale," alisema Pulchérie. "Yaya Émilienne alitumika kazi sana juu ya hii."

Padri akatafuta kiti.

Mama Pulchérie, Vanessa, na familia yote, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Na wewe uliyefumba macho: fikiri ni nani yuko macho karibu yako sasa hivi, na wewe huna woga. Mimi nanyamaza kidogo. Lala.