Rayna Kutsarova na Beseni la Buluu

Bi Rayna Kutsarova anastaafu tarehe 30 Novemba 2024, baada ya miaka thelathini na minane na miezi miwili ya kulea viwavi katika kituo chetu cha kukinga mazao.

Alianza kama mfagiaji wa chumba cha wadudu. Mwaka haukuisha, tayari alimtambua kiwavi mgonjwa kwa kumtupia jicho tu, na wataalamu wakawa wanamwuliza yeye kabla ya kugusa darubini. Viwavi aliwaita wajukuu. Aliyeacha mlango wazi alipata yake: "Funga, baba, wajukuu wanashikwa na baridi! Kwani ulizaliwa bandani?"

Lakini anayemtaja Rayna humtaja na beseni. Kila mgeni husimuliwa kisa hicho siku ya kwanza, nami naomba kukisimulia kwa mara ya mwisho, maana kimemharibia jina vya kutosha.

Ilikuwa Novemba 1991. Tulikuwa tukijaribu maji ya mmea mtambaazi wenye maua ya buluu. Ndani yake mna kitu kinachofanana na homoni ya kiwavi mwenyewe, ile inayomwamuru avue ngozi. Akikila, amri humjia kabla ya wakati: kichwa kipya huota chini ya cha zamani, cha zamani hakidondoki, mdomo unazibika, na maskini anakufa njaa juu ya jani bichi. Safi kabisa! Ila safari ile hata viwavi wa kulinganishia, waliolishwa kabichi isiyo na dawa, wakaota vichwa viwili. Kazi ya miezi minane, kwaheri.

Chanzo kilikuwa mapipa ya kabichi. Kila Novemba kituo kizima hushuka orofa ya chini kujaza mapipa kwa kabichi ya chumvi, akiba ya kula majira ya baridi, na mabeseni yote safi hushuka pia. Juu lilibaki moja tu, la buluu, la dawa. Mtu akalisuuza juu juu, akaoshea humo majani ya wajukuu.

Dakta Velichkov, mkurugenzi wa wakati huo, akanguruma: "Beseni hili la nani?" Rayna akajibu, "Langu. Na upunguze sauti, unawatisha." Mwezi ule alikuwa ateuliwe mkuu wa chumba. Hakuteuliwa, wala mwaka uliofuata, wala mwingine wowote. Beseni lenyewe lilitufundisha kwamba kiasi kidogo mno kinatosha, na dawa yetu bado huchanganywa kwa kipimo cha yale mabaki ya dawa besenini. Rayna aliambulia utani: kila siku yake ya kuzaliwa kuna mjanja anayemletea beseni. Ambayo hayajapasuka ni kumi na moja, na yote kayapandia mnanaa.

Haya basi. Aliyeoshea majani ni mimi, Plamen Dzhurov, mwandishi wa maneno haya. Nilikuwa na wiki tatu kazini na mke mjamzito. Rayna aliniona kupitia kioo cha mlango. Nilipomfuata kuomba radhi, alinitia mkononi chupa ya kabichi ya chumvi: "Kula, nyamaza, na ujifunze kusuuza." Kusuuza nilijifunza. Kunyamaza nikazidisha, miaka thelathini na mitatu, na aibu hiyo ni yangu peke yangu.

Asante, dada Rayna. Sote tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na milango iliyofungwa. Mabeseni kumi na moja nenda nayo. La buluu niachie, ni langu.