Bi Fakhriya na Kiti cha Wanawake Alichokalia Mmanga

Bi Fakhriya binti Thuwein, mwalimu wa vikundi vya wanawake, anastaafu tarehe 31 Machi 1960 baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitatu. Wenzangu wameniomba niandike maneno ya furaha. Nitajaribu, ingawa nikikumbuka alivyosumbuliwa na baraza letu, na mimi karani nikiwemo, hasira zinanipanda.

Alianza mwaka 1937, akifundisha ushoni na malezi ya watoto wachanga kutoka Kengeja hadi Wingwi. Gari likikwama topeni, wanaume walishuka kusukuma, naye alishuka kuwaamrisha. Siku moja huko Wingwi alisomesha somo zima amempakata mwanambuzi, maana kila akimweka chini alikula vitambaa.

Mwaka 1957 vikundi vyake, vilivyokutana wakati wa kuchambua karafuu, vilileta ombi: kina mama wanajifungulia njiani, mkunga yuko mbali, na barazani hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja uchungu wa kuzaa. Tukatoa kiti kimoja. Wanawake wakamchagua Bi Mwatum, mtu asiyeogopa kusema. Tukapiga makofi. Laiti tungeishia hapo!

Barua ya mwaliko niliiandika mimi. Kwa adabu zetu, jina la mke wa mtu halipitishwi mikononi mwa matarishi, basi nikaiandika kwa mumewe, jina lake Mmanga, awaarifu watu wa nyumbani. Mmanga akaisoma, akavaa kanzu, akaja yeye. Na sisi, wanaume kumi na mmoja wenye akili zetu, tukamkaribisha kiti cha wanawake! Akakikalia karibu miaka mitatu. Likitajwa suala la mkunga, alisema nyumbani kwake hajasikia malalamiko. Lahaula!

Kila mwezi Bi Fakhriya alikuja ofisini kulalamika, na kila mwezi tukamwambia subira yavuta heri. Alitujibu kwamba yake imevuta mpaka imechoka, na heri hajaiona hata kisigino.

Januari hii akaacha kutubembeleza. Alikusanya wanawake arubaini wakamsindikiza Bi Mwatum hadi mlangoni petu. Bi Mwatum akaingia, akasimama mbele ya mumewe pale kitini. Mmanga akatutazama sisi, sisi tukatazama dari. Akainuka, mkewe akakaa.

Mnadhani tulijifunza? Wapi! Mwezi uliopita tulitafuta wa kurithi kazi ya Bi Fakhriya. Mjumbe mmoja, ambaye namsitiri, alimpendekeza Mmanga, eti ana uzoefu wa miaka mitatu katika mambo ya wanawake. Na wenzake wakaitikia! Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Bi Mwatum akasema hapana. Kazi apewe Moza, aliyetembea vijijini na Bi Fakhriya miaka saba, na chumba cha mkunga kianze kujengwa masika yakiisha. Tulimbishia mpaka adhana ya alasiri, asirudi nyuma hata hatua moja. Yote mawili yakapita.

Bi Fakhriya alikuwa akingoja nje. Nilipompa habari alicheka, kisha akalia, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ahsante, Bi Fakhriya, kwa kutuvumilia tusivyostahili. Mola akujaalie afya na raha na wanao. Nenda ukapumzike bila wasiwasi: sasa barazani yupo wa kutukatalia.